Abiria wa Chini ya Udongo

Sisi wazee wa Ilford tulimwita Dereva, ingawa nilipomjua alikuwa ameshastaafu na hakuwa na hata baiskeli. Aliendesha mabasi mekundu ya London kwa zaidi ya miaka ishirini, na alipoacha usukani aliuacha moja kwa moja. Hata kwenye gari la binti yake alikaa kiti cha nyuma na kufumba macho. "Wacha na mimi niwe mzigo," alisema.

Ungekutana naye kwenye foleni ya posta ungeona mzee wa Mombasa, mfupi, koti limemzidi, kofia ya sufu imevaliwa juu ya kofia ya viua. Usingejua kwamba kila Jumapili asubuhi mtu huyo alipanda treni kwenda mashambani Essex, mashine mkobani, kutafuta sarafu za Warumi na za watu wengine waliokufa zamani. Mimi ndiye niliyekuwa mwenzake wa Jumapili. Tulikwenda pamoja kwa miaka kadhaa. Kisha mimi nikaacha kwenda, yeye akaendelea peke yake, na yaliyompata huko yalimpata kwa sababu alikuwa peke yake. Nayasema haya mapema ili msomaji asidhani ninamkumbuka mtu kwa kujifurahisha.

Mashine yake ilikuwa kama kikaango kilichofungwa kwenye mkongojo. Unaipitisha juu ya udongo uliolimwa, polepole, kushoto na kulia, na ikikutana na chuma au shaba au fedha inakulilia masikioni. Kila kimoja kina kilio chake. Chuma hukoroma. Fedha hutoa mlio mmoja mwembamba, safi, na Dereva akiusikia alisimama wima na kuinua mkono kama mtu anayesimamisha gari barabarani.

"Kuna abiria," alisema.

Vyote vilivyokuwa chini ya udongo, kwake vilikuwa abiria. Misumari, vifuniko vya chupa na vipande vya trekta walikuwa abiria wasio na tiketi. Vifungo vya makoti ya kale walikuwa abiria wa kusimama. Sarafu ndiyo iliyokuwa abiria wa kukaa dirishani. Mimi nilikuwa kondakta, maana kazi yangu ilikuwa kuchimba na kufukia.

"Kondakta, mshushe huyu taratibu, ni mtu mzima."

"Na akiwa msumari?"

"Akiwa msumari mtoze faini."

Nilipochimba kwa pupa alinishika bega. "Punguza mwendo, yakhe. Hatuko kwenye ratiba." Mtu huyu alikuwa ameishi maisha yake kwa ratiba, anaamka kabla ya ndege, anahesabiwa kila kituo amefika au amechelewa. Siku aliyostaafu alivua saa ya mkononi akampa mtoto wa jirani, na sikumwona akivaa nyingine. Tukiwa shambani alikisia wakati kwa njaa. Tulikosa treni nyingi kwa ajili hiyo.

Alikuwa na desturi moja ambayo sijaiona kwa mtu mwingine yeyote. Kila alipotoa sarafu ardhini, aliacha peni moja ya siku hizi ndani ya shimo kabla sijalifukia. Alikuwa amelelewa na bibi yake akiambiwa kwamba mali iliyozikwa ina wenyewe, wanaoonekana na wasioonekana, na hofu hiyo hakuiacha uwanja wa ndege alipoingia nchi hii.

"Wenyewe wakirudi wasikute patupu," alisema.

"Sasa Mrumi atafanya nini na peni ya Malkia?"

"Atanunua nini mimi sijui. Kazi yangu ni kutoa chenji."

Kulikuwa na chama cha Waingereza wenye mashine kama yake ambao nao walikuja shamba lile siku moja moja. Asubuhi moja mmoja wao, jitu la ndevu nyekundu, alitulalamikia kwamba kuna mjinga anayepita akidondosha peni kila mahali, kila mlio ukichimba ni peni, mgongo umemwuma kwa peni. Dereva alimsikiliza kwa huruma kabisa. Akatikisa kichwa. "Watu wa siku hizi hawana adabu," alimwambia, na mfukoni mwa koti lake peni zilikuwa zikigongana. Mimi ilibidi nigeuke nijifanye napenga kamasi.

Historia hakuijua. Wafalme wote wa Uingereza kwake walikuwa watatu: yule mnene, yule wa ndevu, na yule mwenye pua. Nilipomtajia jina alilokosea alisema hata abiria wake hakuwahi kuwauliza majina. Alichopenda ni ile hali ya kukishika kitu. Alikiweka kiganjani pamoja na udongo wake, akakifunika kwa kiganja cha pili, akatulia. "Wa mwisho kukishika hiki," aliniambia mara moja, "alikuwa akikitafuta hadi usiku, na mkewe amsema." Akacheka, kisha hakucheka tena. Mkewe mwenyewe alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla hajanunua ile mashine.

Jinsi tulivyolipata shamba lile ni hadithi niliyoisimulia kwenye harusi na misiba. Nchi hii huchimbi ardhi ya mtu bila ruhusa yake, na wengi huiomba kwa barua. Dereva alisema barua ni ya kudai deni. Alikwenda nyumbani kwa mkulima, mzee wa Kiingereza aliyeishi na mbwa kiziwi, akamsalimia, akamwuliza hali ya mvua na hali ya masikio ya mbwa, akaaga, akarudi Ilford. Safari ya pili alimpelekea mahamri yamefungwa kwa kitambaa, akauliza tena habari ya mbwa, akaaga. Safari ya tatu nilikuwa naye, na sinia la sambusa mikononi. Mkulima alifungua mlango akatutazama kwa wasiwasi.

"Samahani, mabwana. Hivi mnauza nini?"

"Hatuuzi kitu," Dereva alimwambia.

"Mnatangaza dini?"

"La, hasha."

"Basi mnataka nini kwangu?"

Dereva alinigeukia, uso umemng'aa, akaniambia kwa Kiswahili, "Waona? Sasa ameuliza mwenyewe."

Akaeleza shida yake kwa maneno machache, na mkulima, nafikiri kwa kufarijika tu kwamba si dini, akatupa shamba zima la upande wa mtoni. Makubaliano yalikuwa kwamba chochote cha thamani tukigawane nusu kwa nusu. Nusu yake ya kila mwaka ilikuwa misumari na mahamri.

Sheria ya Dereva ya kwanza ilikuwa kwamba shambani haendi mtu peke yake. Sababu aliijua vizuri. Mara moja mwanamke aliyekuwa akitembeza mbwa aliwapigia simu polisi kwamba kuna watu wanachimba, na vijana wawili wa polisi wakaja wakivuka matuta na viatu vyao vyeusi. Dereva aliwamiminia chai kabla hawajasema neno. Walipoondoka aliniambia, "Mmoja akichimba ni mwizi. Wawili wakichimba ni wazee wenye wazimu. Ndiyo maana nakubeba." Lakini haikuwa hiyo tu. Miguu yake haikuwa imara, mitaro ya kule ina kina, na utelezi wa matope ya Essex mtu wa pwani hauzoei hata akae miaka mingapi. Kila tulipovuka mtaro alinyoosha mkono bila kunitazama, naye alijua mkono wangu utakuwepo.

Sitaki kumfanya malaika. Alikuwa bahili wa majani ya chai. Mfuko mmoja tulinywa wawili, na kikombe cha pili kilikuwa changu. Alikuwa na hasira za ghafla. Siku moja niliacha shimo bila kulifukia kwa sababu vidole vilikuwa vimekufa kwa baridi, na hakusema nami neno kutoka Essex hadi Ilford. Tulipofika kituoni ndipo aliponiambia, "Ng'ombe akivunjika mguu, ni wewe." Aliitukana Uingereza njia nzima ndani ya treni, baridi yake, mkate wake, majirani wasiosalimiana, lakini mgeni kutoka nyumbani akiisema vibaya alimkatiza: "Wewe umekuja juzi, wajua nini?" Aliapa hatazikwa kwenye udongo huu, na wakati huo huo alikuwa ameshalipia nafasi kando ya kaburi la mkewe. Nilipomkumbusha alisema nafasi ile ni ya kuwekea miguu.

Binti yake alizaliwa hapa na anakaa Hounslow, karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow. Kiswahili anakielewa chote, lakini hujibu kwa Kiingereza. Dereva alizungumza naye kwa Kiswahili, yeye akajibu kwa lugha yake, na wakagombana na kupatana hivyo hivyo. Binti hakuipenda habari ya mashamba. Kilichompa amani, aliniambia mwenyewe mara moja mlangoni, ni kwamba nipo mimi.

Kuna jambo moja alilolitaka Dereva, nalo alilisema mara chache, kwa mzaha. Mtu akipata kitu cha kale shambani anaweza kukipeleka makumbusho ya mji, na huko yupo mtaalamu wa kukitambua na kukiandika, na jina la aliyekipata likaandikwa pamoja nacho. Tulikuwa tumeshampelekea mama huyo wa makumbusho vitu kadhaa, na kila mara alishukuru kwa adabu akasema ni vya kawaida. Dereva alitaka kimoja kisiwe cha kawaida.

"Miaka yote ile," aliniambia tukiwa tumekaa juu ya mifuko ya plastiki tukila chapati, "watu wamenijua kwa kisogo. Nimewachukua kazini, nimewachukua hospitali, wengine nimewaona tumboni mwa mama zao mpaka wakapanda wenyewe na sare za shule. Hakuna aliyeniuliza jina. Na mimi siwalaumu, ukimwuliza dereva jina atagonga mti. Lakini nikifa nataka liwe limeandikwa mahali. Si kwenye bili ya umeme."

Alikipata kitu hicho majira ya vuli, karibu na mto, shamba likiwa limelimwa upya. Mlio haukuwa wa fedha. Ulikuwa mnene, wa shaba. Nilichimba mimi. Kilikuwa kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba, kimefunikwa na ngozi ya kijani kibichi iliyokaribia kuwa nyeusi, na udongo umejaa mikunjoni. Dereva alivaa miwani akakitazama kwa lenzi. Akaona kichwa cha mwanamke, nywele zimefungwa nyuma, na herufi zikimzunguka. Hakuita abiria. Alikaa chini matopeni, yeye aliyekuwa akiogopa unyevu kuliko deni, akasema, "Yakhe, huyu hatujawahi kumpakia."

Alikipiga picha kwa simu, akamtumia mama wa makumbusho. Picha ilikuwa na ukungu lakini mama yule alipiga simu siku hiyo hiyo. Alisema hawezi kusema kitu mpaka akione, ila kama ni kile anachodhani, basi zilizowahi kupatikana ni chache mno. Alimwomba akilete.

Siku waliyopanga iligongana na miadi ya macho ya Dereva, miadi aliyoisubiri miezi. Akanipa mimi nikipeleke. Kilikuwa ndani ya kikopo cha plastiki, kimelazwa juu ya pamba pamoja na udongo wake. Hakunipa maelekezo yoyote. Nimejiuliza sana kwa nini, na jibu ni kwamba alidhani najua. Miaka yote ile nilimwona akiviweka vitu vyake na uchafu wao, na mimi nilidhani ni uvivu wa mjane. Sikuwahi kuuliza.

Mimi ni mtu wa Tanga. Mama yangu alikuwa na masinia ya shaba, na kabla ya Idi tuliyatoa uani tukayasugua kwa limau na majivu mpaka ukaona uso wako. Kwetu kitu cha mtu hakitoki mikononi mwako kikiwa kichafu. Jirani akikuletea futari kwa bakuli, bakuli unaliosha, unaweka na kitu ndani ndipo unalirudisha. Sasa nilikuwa natumwa kwa wenyewe, makumbusho, mbele ya mama wa Kizungu msomi, kwa niaba ya rafiki yangu, nikiwa nimebeba kitu chenye matope. Nilimwonea Dereva aibu. Nilikata limau. Majivu sikuwa nayo, nikatumia chumvi, na baadaye ile waya ya kusugulia sufuria. Kazi ilinichukua muda mrefu na niliifanya kwa upendo, naomba hilo lieleweke, ingawa halisaidii. Ile ngozi ya kijani ilitoka yote. Kilibaki kitu cheupe-chekundu, kinang'aa kama kifungo kipya. Nilikifunga kwa karatasi laini nikalala nikijisifu.

Mama wa makumbusho alikifungua mezani kwake akakitazama. Akakigeuza. Akakipeleka chini ya taa. Hakukuwa na mwanamke tena, wala nywele, wala herufi. Vyote vilikuwa kwenye ile ngozi niliyoitoa. Hakupaza sauti. Aliniuliza kwa upole kama mwenye kitu ndiye aliyekisafisha.

Nilikuwa na nafasi ya kusema hapana. Lilikuwa neno moja, na Kiingereza chake nakijua. Nilibeba mizigo ya watu Heathrow maisha yangu yote ya kazi na sikushindwa kuongea na mtu. Nilinyamaza. Yeye akachukua kimya changu kuwa jibu, akaandika kwamba sarafu haisomeki kwa sababu aliyeipata ameisugua, na chini yake akaandika jina la Dereva, kwa herufi kubwa, bila kukosea.

Jioni nilimpelekea kikopo chake. Nilimwambia nilichofanya na limau na chumvi. Nilimwambia pia jinsi nilivyonyamaza, kwa sababu nilifikiri nikikiri yote nitatoka mle mwepesi. Alikitoa kile kitu akakishika. Hakukifunika kwa kiganja cha pili. Jicho lake moja lilikuwa na bandeji kutoka hospitali, na kwa lile jingine alikitazama muda mrefu.

"Kitu chang'aa," alisema mwisho.

"Dereva, nisamehe."

"Chang'aa kama kimetoka dukani." Akakirudisha kikoponi. Akaenda jikoni, akachemsha maji, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akatia mifuko miwili ya chai, kila kikombe na wake. Akaniwekea changu mbele yangu. "Jumapili twaenda?"

"Twaenda," nilisema.

Sikwenda. Jumapili ile nilimpigia nikasema goti. Iliyofuata nikasema mjukuu. Goti lilikuwa zima na mjukuu alikuwa Leicester. Ukweli ni kwamba sikuweza kukaa naye ndani ya treni nikamwona anavyonitendea vizuri. Angenitukana ningekwenda. Angeninyamazia njia nzima kama siku ya lile shimo, ningekwenda. Aliendelea kupiga simu kila Jumamosi jioni kwa muda, anauliza goti, anauliza mjukuu, hanisuti, kisha akaacha. Nilifarijika alipoacha. Niliihesabu ile kuwa amechoka na mimi, na nikaona ni haki yangu. Msikitini nilibadilisha mlango nikawa naingia kwa nyuma. Sokoni Ilford nikiona kofia mbili juu ya kichwa kimoja nilivuka barabara. Hivi ndivyo nilivyoishi na rafiki yangu aliyekaa mtaa wa tatu kutoka kwangu, mwaka ukaisha na mwingine ukaingia.

Habari niliipata kwa kinyozi. Alikuwa akininyoa ndevu akauliza kama nimekwenda kumwona Dereva tangu aanguke. Wembe ulikuwa shingoni, sikuweza kugeuka. Alisema ilikuwa wakati wa baridi, kule kule shambani, akivuka mtaro. Nyonga ilivunjika. Simu ilikuwa kwenye mkoba, na mkoba ulikuwa ng'ambo. Alilala kwenye maji na matope tangu adhuhuri mpaka mkulima alipotoka kufunga mifugo akaona mwanga wa mashine umewaka kwenye nyasi.

"Kwani alikuwa peke yake?" niliuliza. Sijui kwa nini niliuliza.

"Wasema alikuwa akienda peke yake muda mrefu," kinyozi alisema. "Si wewe ndiye ulikuwa mwenzake?"

Hata baada ya hapo nilichelewa. Nilijiambia nimwache apate nafuu kwanza. Binti yake alikuwa amemhamishia kwake Hounslow, nyumba ya kupanga ya Ilford imerudishwa kwa mwenyewe, mashine imeuzwa. Nilikwenda mwezi wa nne, siku ya kawaida ya mvua nyepesi, nimebadilisha treni mara mbili, na kiroba cha machungwa mkononi kama mtu anayekwenda kumwona mzazi aliyejifungua hospitali.

Binti ndiye aliyefungua. Hakunipokea machungwa. Dereva alikuwa sebuleni kwenye kiti cha mikono mirefu, blanketi magotini, kofia moja tu kichwani. Alikuwa amepungua sana. Aliponiona alicheka.

"Kondakta! Ama umepotea njia? Huku ndiko kwa ndege, wewe ulistaafu."

Nikamshika mkono, nikauinamia. Binti alikuwa amesimama mlangoni, na kabla sijakaa alianza kusema kwa Kiingereza, sauti ya chini, bila kituo. Alisema baba yake alikuwa na rafiki mmoja katika nchi hii nzima, na rafiki huyo alikuwa mimi. Alisema alimsihi asiende mashambani na yeye akamjibu kila mara kwamba wiki hii huenda nikaja, kwamba goti langu likipona nitakuja, kwa hiyo afadhali awe ameshaijua hali ya mtaro. Aliniuliza nilikuwa wapi. Aliniuliza tena.

Dereva alikohoa, akanitazama mimi.

"Mama asema karibu," aliniambia kwa Kiswahili, akimwonyesha binti yake kwa kidevu. "Auliza sukari vijiko vingapi."

Nilikuwa nimeelewa kila neno, naye alijua. Binti yake pia alikuwa ameelewa kila neno la baba yake. Alisimama pale kidogo, kisha akaenda jikoni, tukasikia kabati linafunguliwa kwa nguvu.

"Msamehe," Dereva alisema. "Ana hasira ya kike, huja na chai."

"Ana haki."

"Haki anayo."

Nilianza kusema nililokuwa nimelipanga ndani ya treni mbili. Nilisema kuhusu ile sarafu, kuhusu jina lake kuandikwa pale na kosa langu. Alipunga mkono kama anayefukuza nzi.

"Ile shaba niliisahau wiki ile ile, yakhe. Jina liliandikwa, si liliandikwa? Basi." Akavuta blanketi. Alitazama dirishani, ndege kubwa ilikuwa ikishuka juu ya paa za jirani, na tukasubiri mpaka mlio upite. "N'takwambia jambo, kisha tusilirudie. Siku ile mtaroni niliita. Mwanzo niliita Mungu, kama watu wote. Kisha baridi ikaingia, nikawa naita tu bila kufikiri, na nikasikia naita jina lako. Nikalirudia. Nilijua hupo. Nilijua uko Ilford, wanywa chai. Lakini ndilo lililokuwa likija."

Nilitaka kusema kitu, akanishika kifundo cha mkono.

"Na nilikasirika. Kweli nilikasirika, pale nimelala. Si kwa kuwa hukuja. Nilikasirika kwa kuwa nilitafuta jina lingine la kuita, na sikuwa nalo."

Hakuniachia mkono. Mimi nililia, mtu mzima mwenye wajukuu, na yeye alitazama dirishani ili nisione haya. Binti akarudi na sinia. Alisimama nalo, akamtazama baba yake, akanitazama mimi, akauliza kwa Kiingereza tulikuwa tunazungumza nini.

Nilijifuta uso kwa mkono uliokuwa huru.

"Twazungumza habari za shamba tu, mama," baba yake alimwambia. "Kama walilima mapema mwaka huu."